Kutafuta mpenzi mtandaoni ukiwa Nairobi: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya maswali huwa napata kwa inbox na kwa simu, mengine usiku wa manane mtu akiwa amechanganyikiwa kabisa, kwa hivyo nimeyaweka hapa yote pamoja. Utaona jibu langu linarudi pale pale karibu kila mara: uso wa mtu uuone mapema, pesa na siri zako zikae nyuma. Wengi hufanya kinyume, wanachati miezi mitatu bila ata kuonana kwa vidio lakini pesa ishatumwa na picha za chumbani zishatumwa, na hapo ndio machozi huanzia.

Kwani kuna watu wa maana huko ama ni wahuni tu?

Wapo, tena wengi. Mtu anatoka Kasarani saa kumi na moja asubuhi, anarudi saa tatu usiku, Jumapili ni kanisa na kufua, sasa huyo atakutana na nani na lini? Ndio maana kwa apu utapata mwalimu, nesi, fundi wa simu, mtu wa benki, wote wanatafuta. Wahuni pia wako na wana bidii kuliko hawa wengine, mmoja anaandikia watu hamsini kwa siku na ujumbe ni ule ule, kwa hivyo inbox yako itajaa wao kwanza. Usikate tamaa wiki ya kwanza, chuja tu.

Nichague apu gani?

Ile iko na watu wa hapa, wa umri wako, wanaotafuta kitu unachotafuta. Inasikika rahisi lakini watu hupakua ile wameona kwa tangazo alafu wanashangaa kila mtu yuko Manila. Tinder iko tangu 2012 na hapa Nairobi inajulikana sana, ni ya haraka, unaangalia picha unaswaipu, utapata wa ndoa na wa usiku mmoja wamechanganyika, kwa hivyo kazi ya kuuliza ni yako. Badoo ni ya zamani zaidi, 2006. Bumble ilianza 2014, aliyeianzisha ni mwanamke, Whitney Wolfe Herd, na kwa miaka mingi sheria yao ilikuwa mwanamke ndiye anaanza kuongea, mpaka 2024 wakaongeza njia ya dada kuweka swali lake na mwanaume anajibu hilo. Kama wewe ni dada umechoka kuamkia "hi" na "mambo mrembo" thelathini, jaribu hiyo. Hinge inalazimisha watu wajibu maswali kwa profaili, kwa hivyo kuna maandishi ya kusoma, mimi huipenda kwa sababu mvivu huonekana mapema.

Ikae kwa simu wiki moja. Weka umbali wa kilomita kama ishirini, weka umri unaotaka, uangalie ni wangapi wameandika kitu cha maana na wangapi ni picha moja na jina tu. Ukiona hakuna mtu, toka, hakuna mkataba. Apu mbili zinatosha, ukiwa na tano unachanganya majina ya watu na hiyo inaumiza mtu. Na kabla hujaanza tafuta kitufe cha kubloku na cha kuripoti kiko wapi, na kama unaeza kupiga vidio ndani ya apu bila kutoa namba yako. Apu isiyo na hivyo vitu iache tu.

Na hizi grupu za Telegram na WhatsApp za kuunganishwa na sponsa ama sugar mummy?

Hapana. Hakuna mama tajiri wa Runda anayesubiri wewe utume "ada ya usajili" kwa namba ya mtu. Ukishatuma hiyo ya kwanza inakuja ya "kadi ya uanachama", alafu "ya daktari wa kupima", alafu "ya gari la kukuchukua", na kila mara wanakuambia hii ndio ya mwisho. Picha za hao wamama zimeibwa Facebook, wenyewe hata hawajui. Vijana wanauma meno kimya kimya kwa sababu ya aibu, na hiyo aibu ndio inafanya biashara iendelee.

Nilipie ama nikae na ya bure?

Kaa na ya bure mwezi wa kwanza. Kulipa hukuonyesha nani amekulaiki na kukupa laiki zaidi, hakutengenezi profaili mbaya. Ukilipa, lipa ya mwezi mmoja na ujue inajilipisha tena yenyewe mwezi ukiisha.

Kwa profaili niandike nini?

Andika kitu mtu anaeza kukishika akuulize swali. "Napenda kusafiri, muziki na kucheka" imeandikwa na nusu ya jiji. Sasa soma hii: "Mimi ni mtu wa Eastlands, Jumamosi asubuhi utanipata Gikomba natafuta viatu, napika pilau vizuri kuliko mama yangu lakini usimwambie, natafuta uhusiano wa kweli, watoto nataka." Huyo ushajua utamwandikia nini, na ushajua anataka nini. Kama unataka ndoa sema ndoa. Kama una mtoto sema, atakayekimbia kwa sababu ya mtoto ni heri akimbie leo. Na zile orodha za "sitaki waongo, sitaki wanaume wa kupoteza muda, swaipu kushoto kama huna kazi" zitoe, waongo hawasomi na waungwana wanaogopa.

Picha nne ama tano. Moja ya uso vizuri mchana bila miwani ya jua na bila filta, moja ya mwili mzima, moja ukifanya kitu unachopenda. Ya grupu usiweke ya kwanza. Alafu angalia nyuma ya picha, na hapa watu hawafikirii kabisa: geti la ploti yako, namba ya gari, beji ya kazi shingoni, yunifomu ya shule ya mtoto. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya hapo. Tumia pia picha ambazo haziko kwa Facebook ama Instagram yako, kwa sababu picha ile ile ikitafutwa kwa Google inaeza kumpeleka moja kwa moja mpaka kwa jina lako kamili.

Tumemechi. Naanza aje?

Soma alichoandika, uliza kitu kimoja kutoka hapo. Basi. Kwa yule wa pilau: "Unaweka viazi ama huweki? Hili swali ni muhimu kwangu." Akijibu neno moja moja mara tatu mfululizo wachana naye kwa amani. Mkielewana, siku chache tu, pendekeza vidio ya dakika kumi, na ikienda vizuri muonane wiki hiyo ama ijayo. Mkichati sana kabla ya kuonana unajenga mtu kwa kichwa chako, alafu siku mnaonana unakutana na mtu mwingine, ata kama hajadanganya chochote.

Anataka namba yangu ya WhatsApp siku ya kwanza. Nimpe?

Ngoja kidogo. Kenya namba ya simu inasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Mtu akiwa na namba yako anaingia M-Pesa kama anataka kukutumia pesa, jina lako linatokea kabla pesa haijatoka, anakansel, na hajalipa chochote. Akiwa na jina anaenda Facebook, kutoka hapo anajua kazi yako, kanisa lako, dada zako. Kaeni kwa apu mpaka mmeonana uso kwa vidio angalau mara moja. Matapeli huharakisha kukutoa kwa apu kwa sababu pale wanaripotiwa na kufungiwa, sasa mtu akikuambia "mimi siingiagi hapa sana, nipe WhatsApp" dakika ya tano, jua hilo. Haimaanishi kila anayeomba ni tapeli, lakini mwambie utampa baada ya vidio uone atasema nini.

Hiyo ya M-Pesa inafanya kazi pande zote mbili pia. Mtu anajiita jina moja na laini inaleta jina lingine kabisa, muulize. Laini inaeza kuwa ya mama ama ya ndugu, inatokea, lakini jibu lije bila hasira. Truecaller ni ya kusaidia tu, majina ya pale yanatoka kwa vitabu vya simu vya watu wengine na mtu anaeza kubadilisha lake.

Nitajuaje kama picha ni zake?

Chukua skrinshoti ya picha uiweke Google Lens uone kama inatokea kwa mwanamitindo wa Brazil. Isipotokea haimaanishi ni safi, kwa hivyo vidio bado ni lazima. Kwa vidio mwambie ageuze kichwa pembeni, apitishe mkono mbele ya uso, kwa sababu siku hizi kuna programu za kubadilisha sura na mara nyingi huyumba hapo. "Kamera yangu imeharibika" inakubalika mara moja. Ikiharibika mara tatu imetosha.

Na ile alama ya uthibitisho wa picha kwa Tinder ama Bumble inasema tu kwamba uso wa mwenye akaunti umefanana na picha alizoweka. Haijui kama ana bibi, haijui kama ana kazi, haijui roho yake.

Ameniomba nauli aje tuonane. Nitume?

Hii ndio swali la Nairobi kuliko yote na najua kuna watu wameumia sana, mtu ametuma elfu moja ya Bolt, dem akasema yuko njiani, akasema gari imepata pancha Pangani, akaomba mia tano ya ingine, saa tatu baadaye simu imezimwa. Rafiki yangu alikaa kafe moja pale Garden City mpaka wanainua viti, bado anatetea kwamba labda alipata ajali.

Usitume pesa kwa mtu ambaye hujamwona ana kwa ana, iwe nauli, iwe bando, iwe mgonjwa. Chagua mahali pa karibu naye ambapo nauli ya matatu ni ndogo, umwambie kwa upole, "njoo tu, nauli ya kurudi tutaangalia hapo hapo." Anayetaka kukuona atafika. Na dada, wewe nawe beba nauli yako ya kwenda na ya kurudi kila wakati, ndio ukitaka kuondoka usiku saa mbili usimsubiri mtu akuamulie.

Ukiwa umetuma kwa namba uliyokosea unaforwadi ile meseji ya M-Pesa kwa 456 haraka wajaribu kuirudisha, lakini hiyo ni ya makosa ya namba, kwa mtu uliyemtumia kwa hiari yako na ashatoa pesa usitegemee.

Yuko majuu, amenitumia zawadi na imekwama JKIA

Haijakwama kwa sababu haipo. Ni mwanajeshi Syria, ni injinia wa mafuta baharini, ni daktari mjane, amekupenda wiki mbili, ametuma boksi lenye simu na saa na pesa taslimu, alafu "wakala wa forodha" anakupigia na sauti ya kikazi kabisa anataka elfu thelathini. Ushuru haulipwi kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Ukitaka kuhakikisha uliza namba ya mzigo na kampuni ya usafirishaji, uwapigie wewe mwenyewe kwa namba uliyotafuta, sio ile umepewa.

Ndugu yake huyu ni yule asiyeomba kitu. Anakuonyesha tu vile anapata faida kwa kripto, anakufundisha kwa upendo, unaweka elfu tano inakuwa elfu saba na unaitoa kweli, unaamini, unachukua lonu unaweka laki mbili, sasa ukitaka kutoa unaambiwa ulipe kodi kwanza. Zile namba za faida ni maandishi tu kwa skrini yao. Mpenzi anayeleta uwekezaji kabla hajaleta sura yake hapa Nairobi, mbloku.

Mara ya kwanza tukutane wapi?

Mchana ama jioni mapema, mahali pana watu na wahudumu: kafe ya Sarit, Yaya, TRM, Junction, ama mjini tu. Archives ni pa kupatania, alafu muingie mahali pa kukaa. Arboretum ni sawa Jumapili mchana kukiwa na familia. Karura ni pazuri lakini ni msitu na njia zake ni ndefu, iweke deti ya tatu ama ya nne.

Kwake hapana, kwako hapana, Airbnb hapana kabisa kwa mara ya kwanza. Sisemi hivi kutisha mtu. Mwezi wa Januari 2024 tulipoteza wasichana wawili ndani ya nyumba za kukodi kwa muda mfupi hapa hapa Nairobi, na tarehe 27 mwezi huo watu wakaingia barabarani kwa maelfu kulia na kudai wanawake waache kuuawa. Lawama ni ya muuaji, sio ya msichana aliyeenda deti, na bado nataka wewe urudi nyumbani.

Kwa hivyo mwambie mtu mmoja: jina, namba, skrinshoti ya profaili, mahali na saa ya kurudi. Washa lokesheni ya WhatsApp kwa huyo mtu, inaenda mpaka masaa nane. Mpange saa ya yeye kukupigia, na neno moja ambalo ukilisema anajua aje ama apige simu polisi, 999 ama 112. Ukipanda Uber ama Bolt shea safari. Akibadilisha mahali dakika ya mwisho, "kafe imejaa, njoo kwangu ni hapa karibu", rudi nyumbani, huhitaji kumweleza sana.

Mimi ni mwanaume, hayo yananihusu?

Yanakuhusu sana. Kuwekewa mchele, yaani dawa ya usingizi kwa kinywaji, kunaanzia kwa chati tamu vile vile. Unaamka kesho yake saa saba mchana kichwa kizito, simu hakuna, M-Pesa imefagiliwa, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, imechukuliwa, lonu za apu tatu zimeombwa kwa jina lako. Na kuna wasioamka, zile dawa na pombe pamoja zinasimamisha pumzi. Kinywaji kifunguliwe mbele yako, ukienda msalani ukirudi agiza kingine ata kama kilikuwa kimejaa. Ukihisi usingizi usioelewa mwambie mhudumu ama bawabu sasa hivi, usingoje aibu iishe. Usitegemee alama ya kidole kufunga simu siku hiyo, kidole cha mtu aliyelala kinafungua, weka PIN na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Simu ikiibiwa azima nyingine ya Safaricom upige 100 wafunge laini, kabla ata ya kwenda kutafuta shati lako.

Nitajuaje kama ana bibi ama bwana?

Anapatikana saa za kazi tu, wikendi amepotea, ukipiga usiku anakata alafu anatext "niko mkutano". Hajawahi kukuonyesha anapoishi na mko mwezi wa nne. Muulize wazi mapema, "uko kwa ndoa yoyote, ya kanisa, ya kiserikali ama ya kimila?" Uliza hivyo hivyo kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina tano, na watu hujificha kwa "hatujaenda kanisani" na mahari ilishapelekwa. Baadaye mkienda mbali kutana na marafiki zake, kutana na ndugu zake. Mtu asiye na mtu hata mmoja wa kukujulisha anaficha kitu.

Anatishia kusambaza picha zangu nisipotuma pesa

Pumua kwanza. Hili linatokea kwa watu wengi, wanaume kwa wanawake, na mara nyingi ni hivi: mlipiga vidio, akavua, ukavua, alikuwa anarekodi, dakika mbili baadaye anakutumia orodha ya marafiki zako wa Facebook na "tuma elfu kumi ndani ya dakika thelathini."

Usitume. Ukituma ya kwanza amejua unalipa, atarudi kesho. Piga skrinshoti kila kitu, vitisho, profaili, namba ya simu, namba ya M-Pesa aliyotaka utume. Ndipo umripoti kwa apu na umbloku. Ficha orodha ya marafiki zako. Ingia StopNCII.org, hapo picha yako haitoki kwa simu, inatengenezwa alama yake ya kidijitali na majukwaa yaliyojiunga yanazuia picha inayofanana isipakiwe. Mwambie mtu mmoja unayemwamini usiku huo huo, maana hofu ya peke yako ndio hufanya watu walipe, na ndio hufanya wengine wafikirie kujidhuru.

Alafu peleka kwa polisi. Sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao ya 2018 inasema kusambaza picha ya faragha ya mtu mwingine ni faini mpaka laki mbili ama jela mpaka miaka miwili, ama zote. DCI, wale wapelelezi wa polisi, wana namba ya bure, 0800 722 203. Afisa akikucheka pale kituoni, uliza mkubwa wake ama nenda makao makuu ya DCI, Kiambu Road. Ni haki yako, haujaiba cha mtu.

Nimebakwa ama nimepigwa kwenye deti. Nifanye nini?

Piga 1195, namba ya msaada wa ukatili wa kijinsia, ni bure, masaa ishirini na nne. Usioge na usifue nguo, zibebe kwa mfuko wa karatasi. Hospitali kwanza, polisi baadaye kama lazima uchague, kwa sababu dawa ya kuzuia HIV lazima ianze kabla ya masaa 72 na mapema ni bora. Nairobi Women's Hospital wana kituo chao cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Haijalishi mlikutana wapi, haijalishi ulikubali kwenda kwake. Nenda na mtu.

Nimepata mtu, natokaje huko?

Waambie wale mlikuwa mnaongea nao, mstari mmoja wa heshima, "nimepata mtu, nakutakia mema." Alafu ufute akaunti ndani ya mipangilio ya apu kabla hujaondoa apu kwa simu, kwa sababu ukiondoa apu peke yake profaili yako inabaki na mpenzi wako mpya ataletewa skrinshoti na rafiki yake. Kama ulikuwa unalipia, ingia Google Play, sehemu ya malipo na usajili, ukansel huko, maana kufuta akaunti hakusimamishi pesa kukatwa.